Kinyozi Aliyeongeza Sauti

Tangu kinyozi aongeze kiti cha pili na kioo kipya, mtaa mzima unanong'ona kwamba amejiunga na Frimasoni. Wateja wamepungua, naye hana habari nao. Kila asubuhi anapuliza mashine yake, anakung'uta shuka, anaegemeza simu kwenye kioo na kufungua tovuti zinazowahusu hao hao Frimasoni. Leo atasikiliza historia yao, kesho video za wanaowatetea, keshokutwa za wanaowalaani, zote kwa uso ule ule, huku kidole gumba kikinyoosha ngozi ya shavu la mtu. Wembe wake hautetemeki.

Jana alikuwa anamnyoa shemeji yake, na simu inaeleza kwamba aproni wanazovaa Frimasoni asili yake ni mafundi wa kuchonga mawe. Shemeji akatupa jicho mlangoni. "Punguza sauti, shemeji. Watu wanapita."

Kinyozi akafuta povu kwenye wembe, taratibu, kisha akaongeza sauti mpaka mwisho. "Hao wanaopita ndio walioniingiza," akasema. "Mimi hata mlango siujui. Acha basi nijue nimeingizwa wapi."

Kwenye kioo alimwona jirani aliyeacha kuja kunyolewa, amesimama nje akijifanya anatafuta kitu mfukoni. Kinyozi hakugeuka. Akainua kidevu cha shemeji, akaweka wembe.

"Kiti cha pili hicho, jirani, njoo ukae," akasema. "Huko nje unasikia nusu nusu."