Majabali ya Kolorado

Juzi kwenye kaunta ya kuombea kazi hapa Nizwa, Uarabuni, karani, mzee wa Kiunguja, aliipindua shahada yangu kama anayenunua samaki.

"Umesoma nini, baba?"

"Jiografia ya Kolorado, Amerika, ammi. Majabali yake, makaa ya mawe, watu wake."

"Majabali yana watu?"

"Wengi, wallahi! Na ng'ombe, huko juu kwenye theluji."

"Ng'ombe juu ya jabali! Masikini." Akajaza fomu, akagonga muhuri.

Mimi msomi nilisahau: jabal kwa Kiarabu ni mlima, lakini jabali la Unguja ni jiwe. Leo nimeitwa kazini Bidbid, kuvunja mawe. Khalas, basi, naenda. Wenzangu waliojieleza vizuri bado wako kwenye foleni.