Batri Iliyovuka Daraja Vipande Vipande

Batri ya kanisa letu, ndivyo sisi tuliokulia Bukavu tulivyoita seti ya ngoma, ilivuka daraja la Rusizi vipande vipande, vichwani mwa wanawake sita wa kwaya. Mimi nilibeba matoazi, nimeyafunga kwenye kitenge. Ilikuwa miaka ile ya vita upande wa Congo, mpaka ukifungwa leo na kufunguliwa kesho. Mpigaji wa batri alikuwa amekimbia mapigano akielekea Uvira, na hakuna aliyepata habari zake tena. Basi kanisa letu la zamani likatuambia, sisi tuliokuwa tumesharudi Rwanda na wazazi wetu, tuzichukue zile ngoma kuliko zioze.

Kwenye kizuizi mwanajeshi alitusimamisha. Akafungua kitenge changu, akaligonga toazi moja kwa ukucha. Foleni nzima ikageuka.

"Hii ni sufuria gani?"

"Ni batri, chef," akajibu mama wa kwaya, mjane mwenye sauti nzito asiyebabaishwa na sare. "Ngoma za kanisa."

"Kama ni zenu, pigeni nisikie."

Tukatazamana. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kushika fimbo zake. Mama wa kwaya akatua ile ngoma kubwa, akavua ndala, akaanza kuipiga kwa hiyo ndala huku akiimba. Tukaitikia. Wauza nyanya waliokuwa nyuma yetu nao wakaitikia. Mwanajeshi alijikaza asicheke, ikamshinda.

"Pitieni, pitieni! Munafunga njia!"

Tulipofika Kamembe, upande wa Rwanda, tulivimwaga vyote kwenye sakafu ya kanisa: vyuma, skrubu, kigoda cha miguu mitatu. Mama wa kwaya akanigeukia.

"Wewe uko fundi wa kushona. Muguu yako inazoea pedali. Utapiga wewe."

Nikacheka nikidhani ni utani. Yeye hakucheka.

Wiki nzima, kila nikitoka kwenye cherehani, nilikwenda kuhangaika na vile vyuma. Ngoma kubwa niliilaza kama tunavyolaza ngoma za kwetu, nikabaki kujiuliza pedali ina kazi gani. Ngoma ndogo niliipindua, nyaya zake za chini zikawa juu, fimbo ikanasa humo. Yale matoazi mawili yanayopaswa kukutana niliyafunga yakipeana migongo. Nilipoyapiga, nilisikia kelele ya sahani zinazooshwa kwa hasira.

Siku ya Ijumaa mtu akabisha mlango uliokuwa wazi. Alikuwa mzee mwenye kofia ya Kiislamu, mkanda wa mashine mpya umening'inia begani. Alitoka Bugarama, alikokuwa fundi wa mashine za kukoboa mpunga.

"Mwanangu, unisamehe," akasema. "Nilikuwa napita. Lakini iyo kitu unaitesa."

Nikamwambia ukweli, kwamba sijui chochote. Akavua viatu, akaingia. Kumbe ujanani alikuwa amepiga batri kwenye bendi ya dansi huko Bukavu. Alifungua kila nilichokifunga, akasukuma vyote ukutani, akaweka kigoda peke yake katikati ya sakafu.

"Ikala kwanza."

Nikakaa. Nilijiona mjinga, nimekalia kigoda mbele ya kanisa tupu.

"Sasa acha miguu ikae penye inapenda."

Pale mguu wangu wa kulia ulipotua ndipo alipoweka pedali, kisha akaisimamisha ngoma kubwa mbele yake. Ngoma ndogo akaileta katikati ya magoti yangu. Aliniambia ninyooshe mikono nikiwa nimefumba macho, na kila nilipofika akasogeza kitu. Mwisho akatandika mkeka chini ya vyote. "Huu usiutoe," akasema, akaenda kuwahi gari lake.

Jumapili asubuhi niliutoa. Ulikuwa umechakaa, nikaona aibu.

Wimbo wa kwanza ulianza vizuri. Kwenye wimbo wa pili, kila nilipokanyaga pedali ngoma kubwa iliteleza mbele kidogo kwenye saruji. Nikavuta kigoda nikaifuata. Ikateleza tena, nikaifuata tena, fimbo hazisimami, hadi tukawa karibu na meza ya mchungaji. Akalazimika kuizuia kwa mguu, Biblia mkononi. Kanisa letu siku hizo lilikaa mafungu mawili, sisi wa Congo kulia, waliobaki nchini kushoto, na mafungu yote yalicheka mpaka wengine wakafuta machozi kwa vitenge. Mama wa kwaya alicheka kuliko wote, lakini aliendelea kuimba, na mimi niliendelea kupiga.

Nilipiga miaka minane. Niliacha nikiwa na mimba ya pili, tumbo lilipokataa kabisa kuiachia ngoma ndogo nafasi.