Mpiga Dramu Asiyekimbiza

Mume wangu ni fundi makochi, na kwa mwanamume mwingine hilo lingetosha. Ana karakana yake hapa hapa mbele ya nyumba, wateja wanamheshimu, na kochi alilolivalisha yeye unaweza kuwarithisha wajukuu. Lakini kaa naye kidogo tu, hata chai haijapoa, atakuambia kwamba makochi ni ya kuganga njaa. Yeye hasa ni mpiga dramu.

Na si mpiga dramu wa hivi hivi. Alipiga na Nyaya Wazi, bendi ya roki, ile roki ya watu wasiotaka kufanana na wanaroki wenzao: magitaa yanakwaruza, mwimbaji analalamika kama mtu aliyekatishwa usingizi, na vijana wanalipa kiingilio ili wahuzunike pamoja. Alikuwa nao kabla hawajajulikana. Walipokaribia kujulikana, wakamtoa. Walidai anakimbiza, yaani anauanza wimbo kwa mwendo waliokubaliana na kuumaliza kwa mwendo wake mwenyewe.

Mume wangu ni mwepesi wa kusamehe, ila hilo hajalisamehe. Nimeolewa naye, nimezaa naye, na hauishi mwezi bila kunikumbusha kwamba yeye hakuwahi kukimbiza, wao ndio waliokuwa wakijikokota.

Kwetu hakuna aliyemwamini. Kaka yangu, mwalimu wa udereva, ndiye aliyezidi. Kila wakikutana lazima aulize, "Shemeji, na ile bendi iliyokusahau, wazima?" Mama yangu hacheki, anaguna tu, na mguno wa mama mkwe unauma kuliko kicheko. Ushahidi nao hakuwa nao, maskini. Alirekodi na wenzake wimbo mmoja tu, "Paa la Bati", na bendi ikaja kuurekodi upya na mpiga dramu aliyechukua nafasi yake. Ile rekodi ya kwanza ikabaki kabatini kwao.

Sasa Nyaya Wazi wametoa albamu ya mkusanyiko, nyimbo zao tangu walipoanza. Nyuma ya kava "Paa la Bati" imo, ila haikuandikwa ni rekodi ipi. Mume wangu aliinunua akakataa kuisikiliza peke yake. Aliwaalika Mama na kaka Jumapili mchana, akafuta vumbi kwenye spika, akawakalisha kwenye kochi letu bora na kuwapa soda.

"Kama wameweka ile ya kwanza, leo mtanisikia," akawaambia. "Kama wameweka ya pili, basi, utanicheka kwa amani, shemeji."

Nilimwombea. Nasema kweli, nilimwombea kimoyomoyo, maana mtu mzima kuchekwa sebuleni kwake mbele ya mama mkwe si jambo dogo.

Hakutaka kuruka wimbo hata mmoja. Tukakaa tukahuzunika kwa zamu, wimbo baada ya wimbo. Mama akauliza kama huyo mwimbaji hana ndugu wa kumshauri. Kaka akasinzia. Mume wangu alikuwa akitikisa kichwa mithili ya mkaguzi, na dramu za mrithi wake zilikwenda sawasawa bila kosa, mpaka nikaanza kupiga miayo.

Ndipo ikaja "Paa la Bati". Ilianza kwa utulivu kama zile nyingine. Mimi muziki siujui, lakini jiko langu na karakana vinagawana ukuta. Kila siku ya Mungu namsikia akigongelea misumari ukingoni mwa kochi: anaanza taratibu, ko, ko, ko, na akiona mstari unakaribia mwisho mkono unashindwa kuvumilia, misumari iliyobaki inaingia kwa fujo. Ubeti wa mwisho ulipofika, dramu zikafanya vile vile. Zikachomoka. Magitaa yakazifuata yakihema, na mwimbaji akasahau kulalamika. Alikuwa yeye. Hapakuwa na haja ya kuuliza mtu. Nikamgeukia kwa furaha.

Uso ulikuwa umemshuka. Naye alikuwa amesikia. Alikuwa akikimbiza, tena wazi kabisa, vile vile walivyodai. Akisema ni yeye, amekubali kwamba walimtoa kwa haki. Akitaka kubaki mpiga dramu asiyekimbiza, lazima aukane wimbo aliousubiri miaka yote hii.

"Ndio huu?" Mama akauliza. "Ni wewe unayepiga, mwanangu?"

Mama hajawahi kumwita mwanangu. Siku zote ni "mume wa binti yangu", basi.

"Hapana, Mama," mume wangu akasema. "Wameweka ile ya pili. Huyu anakimbiza. Mimi sikimbizi."

Kaka yangu alikuwa ameshaamka. Alikaa ukingoni mwa kochi, mguu ukigonga sakafu wenyewe. Nilisubiri dhihaka yake, haikuja.

"Shemeji, nisamehe kwa utani wangu," akasema, na kwa mara ya kwanza alikuwa akisema naye kwa heshima. "Lakini sasa naelewa kwa nini walikubadilisha. Albamu nzima inatembea kama mwanafunzi wangu wa siku ya kwanza. Kumbe huyu mpigaji alikuwa akijizuia tu, hapa ndipo alipokanyaga mafuta. Huyu ni fundi."

Nikafungua mdomo. Mume wangu akanikazia macho, nikaufunga. Sijawahi kumhurumia mtu na kutaka kumzaba kofi kwa wakati mmoja namna ile.

Alikunywa soda yake, akaiweka chini taratibu, akajifuta midomo.

"Hebu urudie huo wimbo, shemeji," akasema. "Nimsikilize vizuri huyo jamaa."