Alama ya Sikio la Mbuzi

Nakumbuka Jumamosi moja, mwanangu, miaka michache baada ya Uhuru, nilipopanda basi kutoka Kianyaga kwenda Nyeri kutazama jiwe. Ndiyo, jiwe. Cucu wangu, mama yake baba, alikuwa kitandani akiishiwa nguvu, na hakuniomba dawa wala sukari.

"Babu yako alichonga mawe ya ile kanisa kubwa," aliniambia. "Mimi sikuwahi kufika. Enda uone jiwe yake, uniambie iko wapi."

Nilikuwa mwalimu mpya, chuo bado kinanichemka kichwani, na kwapani nilikuwa na kitabu cha makanisa makuu ya Ulaya. Mlangoni pa kanisa nikamkuta Mzee Gathogo, mfagiaji wa pale, miguu mitupu.

"Mwalimu, wacha nikutembeze. Hii kanisa naijua kama shamba yangu."

"Asante mzee, niko na kitabu," nikamjibu, wala sikusimama.

Basi nikazunguka peke yangu. Matao yaliyochongoka juu, nguzo ndefu, vioo vya rangi, vyote nilivitambua kutoka kitabuni. Kwenye mawe niliona mikwaruzo midogo, nikadhani ni utundu wa watoto. Nikarudi nyumbani nikijiona mjuzi.

Cucu alisikiliza habari za vioo mpaka mwisho. "Na jiwe?" akauliza. Jiwe sikuwa nimelitafuta. Akageukia ukutani, na afadhali angenikemea. Majuto ni mjukuu, na siku ile mjukuu mwenyewe nilikuwa mimi.

Jumamosi iliyofuata nilirudi kwa Mzee Gathogo na majani ya chai, nikamwomba msamaha, nikamweleza shida yangu. Angeweza kunifukuza.

"Wacha hiyo maneno," akasema. "Mbuzi za kwenu zilikuwa zinakatwa sikio namna gani?"

Hilo nililijua, maana nilimshikia baba mbuzi tangu utotoni: mikato miwili kwenye ncha, mmoja pembeni. Mzee akacheka. Wachongaji wale, akaniambia, hawakujua kuandika majina, kwa hiyo kila mmoja aliweka kwenye jiwe lake alama ya mbuzi wa kwao. Akanipeleka hadi nguzo ya tatu, akainama. Miwili juu, mmoja pembeni. Juma lililopita sketi yangu ilikuwa imeligusa jiwe lile nikipita! Nililia, mwanangu, sikuona aibu.

Nilibandika karatasi juu ya alama, nikasugua kwa kipande cha mkaa mpaka ikatokea. Cucu aliipitishia kidole taratibu. "Ni yeye," akasema, kisha akaomba uji, yeye aliyekuwa ameukataa siku nne. Alituaga mwezi uliofuata, moyo wake umetulia. Namshukuru Mzee Gathogo mpaka leo.

Kwa hiyo mwanangu, soma vitabu, soma sana. Vitabu ndivyo vilivyonilisha. Lakini ukifika mahali pa watu, msalimie kwanza anayepafagia. Kuuliza si ujinga. Akikubali kukuonyesha, mfuate polepole, hata kama una haraka. Usimpime mtu kwa miguu yake mitupu.

Mungu akupe masikio ya kuwasikia wenyeji, akupe mtu wa kukushika mkono kila mahali usipopajua. Na ukizeeka kama mimi, akuletee mtoto wa kukuuliza.