Sifuri ya Timau

Siku yangu ya kwanza kazini, katika ofisi ya chama cha wakulima mjini Embu, Mkuu wa Programu alinikaribisha kwa chai ya maziwa na swali. Aliandika sifuri ubaoni akaniuliza kama ni kweli au si kweli. Nilidhani ananichezea. Ninyi mnaoandikiwa programu na mashine hamjui utamu wa maswali kama hayo.

Lugha yetu ya kurasa za mtandao, JavaScript, ina tabia yake: ukiiuliza kama kitu kipo, hugeuza thamani yoyote kuwa kweli au si kweli. Neno lolote lenye herufi ni kweli, hata ukiandika "uongo". Neno tupu si kweli, na sifuri vilevile. Mkuu alipenda kutanguliza alama mbili za mshangao: ya kwanza hukanusha, ya pili hukanusha kule kukanusha, unabaki na ndiyo au hapana safi. Nilimpenda yule mama kwa jinsi alivyofurahia vitu vidogo.

Programu yake ilisoma vipimajoto vya mashambani na kuwatumia wakulima onyo la baridi. Ikikosa kipimo, ilinyamaza. Hapa Embu ilifanya kazi bila lawama, kisha ikapelekwa Timau, juu kwenye baridi ya miteremko ya Mlima Kenya, nami nikapelekwa nayo nikiwa na sweta moja tu.

Huko Mama Kendi alikuwa amepanda viazi kwenye shamba la kukodi. Jalidi, ule umande unaoganda, ilichoma nusu yake.

"Viazi zangu zimekuwa nyeusi na hiyo kitu yako ilinyamaza tu," aliniambia. "Hii nusu ingine ikienda, shamba narudishia mwenyewe."

Asubuhi iliyofuata nilisimama naye kando ya kipimajoto, meno yakigongana. Kilisoma sifuri. Skrini yangu ikasema hakuna kipimo. Programu iliuliza tu `if (joto)`, yaani kama joto lipo, na sifuri ikahesabiwa kuwa si kitu. Tulikimbilia nyasi kavu tukafunika viazi kwanza, ndipo nikampigia Mkuu.

"Lakini hiyo code imefanya kazi miaka yote," alisema.

Nikamjibu kwamba Embu haijawahi kufika sifuri. Akacheka.

"Kumbe niliandikia kwetu nyumbani. Rekebisha, kijana."

Nikaibadilisha iulize kama kipimo kimekosekana, si kama ni kweli. Nusu ile ilivunwa, na Mama Kendi hakurudisha shamba.

Sasa nimestaafu, naishi mtaa wa Dallas hapa Embu, na sweta ile imeliwa na nondo. Mkuu alishatutoka, nami humkumbuka kila nionapo ubao. Vijana wa ofisini wameniuliza mara nyingi kwa nini siondoi namba yangu kwenye orodha ya wanaopokea onyo la Timau, nami huwajibu kwamba mzee ana mambo yake. Juzi ujumbe uliingia nikinywa chai: joto sifuri, funika mimea. Sikuwa na cha kufunika. Nikampigia Mama Kendi.

"Nimeshafunika," akasema. "Wewe kunywa chai."