Nilivyoingia Chini ya Mashine

Juni 1956 tulimzika kaka yangu, Lukasi. Tulikuwa tukipasua mbao pamoja huko Mafinga. Yeye alisimama juu ya gogo, mimi shimoni, gunia kichwani kuzuia unga wa mbao, kila mmoja akivuta msumeno upande wake.

Baada ya msiba kiwanda tulichofanyia kazi kilileta mashine ya kupasua mbao. Msimamizi wetu, Bwana Kalinga, akatuonya, "Asiyekuwa tayari kesho, arudi kwao akalime."

Nilikuwa na watoto wa marehemu wa kulisha. Kesho yake nikawahi kuliko wote. Nikaona shimo chini ya mashine, nikajua ndipo pangu. Nikaingia na gunia langu, nikachuchumaa.

Mashine ikanguruma. Unga ukanimwagikia hadi mabegani. Nikapiga kelele, "Mbona msumeno haufiki huku?"

Mashine ikazimwa. Bwana Kalinga akaita, "Nani huko?"

"Mimi, bwana. Nangoja upande wangu."

Wenzangu walicheka hadi wengine wakakaa chini. "Ndugu yetu, hilo shimo ni la unga!"

Bwana Kalinga alifuta machozi ya kicheko. "Toka. Aliyejiandaa hivi simfukuzi. Utapokea mbao zikitoka kwenye mashine."

Nikatoka nikicheka pia, mara ya kwanza tangu msiba, nikapokea ubao wa kwanza huku wakinipigia makofi.