Kitambaa cha Mpichi wa Mlangoni

Jirani yangu Nhàn ni mbishi, na nasema hivyo kwa mapenzi. Ujana wake wote umeishia kwenye mipichi ya kando ya Mto Mwekundu, akiipurura majani kila mwisho wa mwaka ili ichanue sikukuu ya Tet, mwaka wetu mpya wa Kivietinamu, yeye na mumewe Khoát. Khoát ndiye aliyebebesha miche yote, akiunga kikonyo kwenye shina jingine na kukifunga kwa kamba. Alikuwa mtu wa mkono wa kushoto, kwa hiyo mafundo yake yalielekea kinyume, na hakuna mwingine kijijini aliyeweza kuyaiga.

Mwaka ule Khoát alipanda milimani kutafuta mashina ya mipichi mwitu. Mafuriko yakaja, naye asirudi. Maiti haikuonekana.

Kwetu, mwenye bustani akifa, miti huambiwa. Kila mti hufungwa kitambaa cheupe cha msiba, la sivyo humfuata bwana wake. Nhàn alikataa.

"Funga, dada," nilimwambia. "Miti inakauka."

"Nifunge, halafu arudi anikute nimeshamzika? Atanicheka mpaka azimie."

"Na asiporudi?"

"Wewe nenda jikoni kwako. Chungu kinaungua, nasikia harufu."

Sikuwa na chungu motoni. Mipichi ndiyo iliyokuwa ikikauka, mstari baada ya mstari kutokea upande wa mto, kana kwamba kuna mtu anatembea kuja nyumbani. Tulimwagilia, tukatia mbolea, wapi. Niliogopa kupita pale hata mchana. Mpichi mkongwe wa mlangoni tu ndio uliobaki mbichi, ule aliobebesha Khoát mwaka waliooana.

Ukavu ulipokaribia mlango, Nhàn alichana shuka la kitanda chao. Tulifunga pamoja mchana kutwa, yeye akiuambia kila mti, "Bwana wako hayupo tena." Tulipofika mlangoni akanishika mkono.

"Huu hapana. Huu uendelee kumngoja."

Kipande kilichobaki alilala nacho mkononi.

Asubuhi aliniita kwa sauti ndogo. Bustani nzima ilikuwa imetoa vichipukizi vyekundu. Na mpichi wa mlangoni ulikuwa umefungwa kitambaa cheupe, kile kile alicholala nacho Nhàn, kimelowa chapachapa, kina tope la mtoni.

"Nani kafunga?" nikauliza.

Nhàn alikuwa akilipapasa fundo. Lilielekea kinyume. Akakaa chini, akalia kwa mara ya kwanza tangu mafuriko.

"Haya, mume wangu, nimesikia," akasema. "Ungeingia basi, hata unywe chai."